Ua wa magharibi, Dar: kiazi kikuu kwenye kichanja au mti wa kivuli?

JuaLaSaaTisa
Wakuu salaam. Nina ubishi wa nyumbani ambao umegoma kuisha, naomba wenye uzoefu waingie kati.

Kiwanja ni 20 kwa 20, Kigamboni. Nyumba imeshachukua chake, kilichobaki cha maana ni ua wa magharibi, kama mita sita kutoka ukuta wa sebule hadi kwenye uzio. Kuanzia saa nane mchana jua linauchapa ule ukuta bila huruma. Saa mbili usiku ukiweka kiganja juu yake bado una moto.

Mama watoto kwao Pemba. Anataka tusimamishe kichanja cha mirunda, tuzike viazi vikuu pembeni, vitambae juu. Anasema juu tutapata kivuli, chini tutapata futari. Mimi nataka mti, mkungu au mwarobaini, nipande mara moja niachane nao. Yeye anasema mti utanifunika nikiwa mzee, wakati kiazi kitaziba kichanja msimu huu huu, na tena mti wangu hauliwi. Mimi namwambia mtambao leo upo kesho haupo.

Udongo kichanga. Maji ya kisima yana chumvi kwa mbali. Karo la maji machafu liko kona ya kaskazini. Nafasi ya vyote viwili siioni. Mnasemaje?

KijanaWaMbagala
Weka AC mkuu, uzi ufungwe.

BwanaMiche
Mkuu JuaLaSaaTisa, mimi nakula kwa kuuza miche, kwa hiyo ukiniona natetea mti jua kuna senti yangu ndani. Ila hapa hata ningekuwa nauza mirunda ningesema hivi hivi, na sababu ni kalenda.

Fuata mwaka wa kiazi kikuu hapa Pwani. Unakizika masika yakikaribia, tuseme Machi. Kinachomoza na mvua, Mei kamba zinakimbia, na kufika Juni kichanja kimefunga. Shemeji hajakosea hapo. Sasa jiulize Juni hadi Agosti ni nini Dar? Ni kipupwe. Upepo wa kusi unavuma, watoto wanaoga wakitetemeka, hakuna anayelilia kivuli. Kiazi kikuu kinakomaa kwa miezi minane hadi kumi. Novemba majani yanaanza njano, Desemba kamba zimekauka, ndiyo dalili ya kuchimba. Na baada ya kuchimba kiazi kinalala, miezi miwili mpaka minne hakichipui hata ukibembeleze.

Desemba hadi Machi ndiyo kaskazi. Ndiyo miezi ambayo ukuta wako unaungua. Utakuwa umekaa chini ya fito tupu unatazama kamba kavu. Kivuli cha kiazi kinakuja wakati hukihitaji na kinaondoka siku unapokihitaji. Hilo tu linamaliza hoja ya kichanja cha kiazi kama dawa ya joto. Kama chakula, hiyo ni hoja nyingine, na huko sitabishana na Mpemba.

Jambo la pili, jua lenyewe halikai pamoja. Katikati ya mwaka adhuhuri liko upande wa kaskazini wa utosi wako, Desemba liko upande wa kusini, na linazama kusini kidogo ya magharibi. Watu wengi wanapanda mti katikati ya ua kwa sababu panapendeza, halafu Januari kivuli cha saa kumi kinaangukia kwa jirani. Wako uweke upande wa kusini-magharibi mwa ule ukuta. Bahati nzuri karo lako liko kaskazini.

Sasa mti upi. Mkungu naupenda: unavumilia mchanga na chumvi kwa sababu kwao ni ufukweni, na watoto watakula kungu. Lakini matawi yake hutanuka ghorofa kwa ghorofa, na mkubwa unapita mita kumi za upana kwa urahisi. Wewe una sita. Halafu unapukutisha, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, majani mapana mekundu yanayojaa kwenye gata. Mkungu ni wa msikiti, shule, uwanja. Kwa ua wako hapana.

Mwarobaini unavumilia ukame, hautaki anasa kwenye udongo, unakubali kukatwa, na huku Pwani hauachi kichwa wazi muda mrefu. Ubaya wake ni kuzaa ovyo: ndege na popo wanabeba mbegu, utang'oa miche kwenye kila ufa.

Kama utanisikiliza, chukua ule mwavuli wa Madagaska, huu uliopandwa barabara nyingi za mjini, wenye matawi ya tabaka tabaka na majani madogo. Ni ndugu wa mkungu ila hauna fujo. Majani yakidondoka hayaonekani.

Mkrismasi usithubutu. Maua ni mazuri, lakini mizizi yake iko juu juu, inanyanyua pevingi, na matawi yake yanavunjika na upepo.

FundiMsingi
Naongezea kwa upande wetu. Watu wanaogopa mizizi kupasua msingi. Msingi mzima uliomwagwa vizuri kwenye mchanga hausumbuliwi kirahisi. Shida kubwa iko kwenye udongo wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kwa sababu mti unaufyonza maji na udongo unashuka. Kigamboni kwenye kichanga hiyo si hofu ya kwanza.

Hofu ya kwanza ni maji. Mizizi haitoboi bomba zima, inaingia kwenye bomba linalovuja na karo lenye nyufa. Kabla ya kupanda, kagua bomba linalotoka jikoni. Na acha walau mita nne kutoka ukutani. Upande wa uzio utapogolea, mwambie jirani mapema, maana tawi likipita kwake ni kesi.

Angalia na nyaya za umeme juu. Hilo huwa halikumbukwi mpaka mti umefika.

MamaNasra
Assalaam alaykum. Huyo mke wako mwanangu simjui lakini namtetea.

BwanaMiche amesema kweli kuhusu Desemba, sikatai. Lakini nani kawaambia kiazi kikuu kinataka kichanja? Kwetu Pemba kiazi kinazikwa karibu na mti uliopo, kinaonyeshwa njia kwa kijiti au kamba, basi. Kinapanda chenyewe. Mnagombana kiazi au mti, wakati kiazi kwa asili yake kinautaka mti. Porini huko ndugu zake wote wanaparamia miti.

Na thamani yake nyinyi wa mjini hamuijui kwa sababu mnanunua muhogo. Kiazi kikuu kilichotoka shambani leo, ukikikata unakuta cheupe kinachotoa ute, kingine kina rangi ya zambarau chini ya ganda. Ute huo unawasha mikono, basi jipake mafuta ya nazi kabla ya kumenya, na ganda limenye kwa unene, usilichune kama kiazi mbatata. Osha kwa chumvi. Chemsha kwanza kwa tui jepesi na chumvi mpaka kisu kiingie, halafu tia tui zito, punguza moto, koroga kwa upande mmoja tui lisikatike. Kikiiva vizuri kinavunjika unga pembeni na katikati kinabaki kizima. Mwezi wa Ramadhani hicho na samaki wa kukaanga hutamani kingine.

Sasa mti gani utakupa hivyo?

JuaLaSaaTisa
Shikamoo mama. Nimemsomea, amecheka mpaka amekaa chini. Ananiambia "umesikia?"

MtuWaKihamba
MamaNasra kanigusa, na mimi nipo upande wa mlimani.

Kilimanjaro kwenye vihamba, yaani mashamba ya miti na mazao yanayozunguka nyumba, hili suala limeshaamuliwa zamani sana, hakuna anayeuliza kiazi au mti. Juu kabisa iko miti mirefu kama mruka, msesewe na mringaringa. Chini yake migomba. Chini ya migomba kahawa. Chini ya kahawa majimbi na maharage. Na viazi vikuu vinapita katikati ya hayo yote, vimezikwa mguuni mwa mti, kamba zinapanda mpaka kwenye mwanga. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliuingiza mfumo wa Kihamba wa Shimbwe Juu kwenye orodha yao ya urithi wa kilimo wa dunia. Wazee wetu hawakusubiri cheti hicho.

Lakini lazima niweke tahadhari, maana naona mtu ataondoka hapa akazike kiazi chini ya mwembe. Miti ile ya kihamba haifungi kichwa. Mruka ukisimama chini yake unaona anga. Kiazi kikuu kinahitaji jua, kikikosa kinakupa majani mengi na kiazi chembamba. Chini ya mwembe mzee au mfenesi hutavuna kitu, labda kamba ipate upenyo wa kutokea pembeni kwenye jua.

Na msichanganye na kweme. Kweme nayo inapanda miti, mama aliyejifungua analishwa kokwa zake, ila ni zigo. Tunda moja linaweza kupita kilo kumi, na mtambao ukishatanda juu mti unaubeba mpaka unakufa. Kiazi kikuu hakina uzito huo, na kila mwaka kinakauka mti unapumua.

MkulimaMeru
Habari zenu majirani. Huku kwetu mlima Kenya pia ni hivyo, viazi vikuu vya wazee vinapandishwa kwenye mti hai. Unaotumika sana ni jamii ya Commiphora, Wakikuyu wanaita mukungugu. Unakata tawi nene, unalichomeka ardhini mvua zikianza, linashika mizizi lenyewe. Hufanya kazi ya nguzo lakini haiozi na mchwa hawaili.

Hapo ndipo hesabu ya kichanja cha mirunda inaniudhi. Mirunda kwenye udongo wa Pwani itasimama misimu michache tu, mchwa wamemaliza, unanunua tena. Nguzo hai unapanda mara moja, unaipogoa, majani unayarudisha kwenye shimo la kiazi kama mbolea.

Ukichimba usitoe kila kitu. Unafukua upande mmoja polepole, unakata kiazi chini ya kichwa, kichwa unakirudisha na mbolea ya ng'ombe. Kuna mashina nyumbani yaliyopandwa na babu na bado tunakula.

BwanaMiche
Nimekaa nimesoma, na naona mama na wakulima wa mlimani wamenivuta pale nilipotaka kwenda. Mkuu, huna uamuzi wa kuchagua kimoja, una uamuzi wa kupanga nani aanze.

Mwavuli wako panda masika haya, kona ya kusini-magharibi. Huo ndio wa joto. Miaka mitatu ya kwanza kiazi kisiuguse hata kidogo. Mche mchanga ukipandiwa na kiazi unafunikwa majani yote, unapinda, unakosa jua, na kamba za kiazi zinakaza shina. Nimeona miche mizuri ikifa hivyo, mwenyewe anadhani ni ugonjwa.

Kiazi kipe nguzo zake, mbali kidogo, upande wa kaskazini wa ua lakini si juu ya karo. Huku Pwani mukungugu hutaupata kirahisi, kuna mbadala wa aina mbili.

Wa kwanza glirisidia. Unachomeka kijiti kinaota, mti wenyewe unaongeza naitrojeni kwenye udongo, ukikatwa kichwa unachipua. Mashamba ya viungo Zanzibar wanaupandishia pilipili manga na vanila. Ila mbegu na magome yake yana sumu, kwa nyumba yenye watoto wadogo nisingeanzia hapo.

Wa pili mlonge. Huu ndio ningekushauri. Unakua haraka sana, kivuli chake chepesi hakimnyimi kiazi jua, majani mboga, maganda mboga. Shemeji akikuambia mti hauliwi unamwonyesha huo. Udhaifu wake ni mti laini, matawi marefu yanavunjika, kwa hiyo ukate kichwa ukifika urefu wa mtu na nusu, uchipue mnene. Ukate tena kila kiazi kikianza kupanda, mwanga uingie.

Shimo la kiazi liwe mita moja na nusu kutoka kwenye shina la mlonge. Wengi wanazika kwenye kisigino cha mti kabisa, halafu wakati wa kuchimba jembe linakata mizizi ya mti na kiazi chenyewe kimejipinda kati ya mizizi, unakitoa vipande vipande. Zika mbali, uvushe kamba kwa fito iliyolazwa.

Kichanga chako ni kizuri kwa kuchimba na kibaya kwa njaa. Shimo liwe na kina cha goti au zaidi, ujaze mboji na samadi iliyooza, halafu uinue tuta juu yake, maji yasisimame. Maji ya kisima chenye chumvi mpe mti, hata mwarobaini ungeyavumilia. Kiazi kitegemee mvua na maji ya bati.

MtuWaTampa
Nipo Florida, natoa la huku kidogo. Huku kiazi kikuu, pamoja na yule ndugu yake anayezaa viazi vya hewani kwenye kamba, wako kwenye orodha ya magugu hatari ya jimbo. Kukipanda uani ni kosa. Kile cha hewani kilitambaa mpaka kikafunika miti ya misitu, serikali ikaleta mbawakavu mwekundu kutoka Asia anayekula majani yake, wakaanza kumwachilia mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa hiyo viazi vidogo vikiota kwenye kamba viokoteni, vikianguka kwa jirani vinaota.

MamaNasra
Vikiota kwa jirani, jirani anakula.

MtuWaTampa
😂😂 Mama nimekubali.

KijanaWaMbagala
Sasa serious, mbona hakuna aliyetaja viazi vitamu? Hivyo ndivyo vinatambaa kweli na havitaki nguzo.

BwanaMiche
Kwa sababu havipandi, vinalala chini. Havitampa kivuli. Ila chini ya huo mwavuli ukishakua, matembele yatafaa kufunika ardhi isichemke. Usitegemee kuvuna viazi vyenyewe pale, kwenye kivuli vinatoa majani tu. Kwa nyumba inayokula matembele hiyo si hasara.

DadaWaTabata
Mimi bado nina swali la kichanja. Kama mtu hataki kusubiri mti, anataka kitu cha kutambaa kinachobaki kijani Desemba, si apande pesheni? Kwangu ipo juu ya parking, haikauki yote kwa pamoja.

BwanaMiche
Dada umesema jambo. Pesheni ni ya miaka kadhaa, haina desturi ya kufa kila mwaka kama kiazi. Kama ameshanunua mirunda, aiweke pesheni juu ya kichanja kwa kipindi cha kusubiri mti. Ataimwagilia kiangazi, maji yasiwe ya chumvi, na ijulikane ikizeeka inachoka, anaipanda upya. Ila kiazi kisipande kichanja hicho hicho. Vitapigana na kiazi kitashinda mpaka Novemba.

FundiMsingi
Kichanja cha pesheni kisiegemezwe kwenye fasha bodi ya paa tafadhali. Simamisha nguzo zake peke yake. Ikinyesha mvua majani yanashika maji, uzito unakuwa mwingine.

JuaLaSaaTisa
Wakuu nimewaelewa. Tumekaa jana usiku tukachora kwenye karatasi. Mwavuli kona ya kusini-magharibi, mita nne kutoka ukutani. Milonge upande wa kaskazini, mbele ya karo na si juu yake, na viazi vikuu kati yake. Kichanja tumekifuta, mirunda haijanunuliwa. Pesheni amekataa, anasema watoto watapanda juu.

Maswali mawili. Mbegu ya kiazi naipata wapi na nitajuaje ni nzima? Na tuna kuku wanaotembea uani, watafukua?

MkulimaMeru
Usinunue vilivyokatwa tayari na kukaa juani. Nunua kizima ukate mwenyewe.

MamaNasra
Mwanangu, mbegu inatafutwa wakati wa kuvuna, Desemba na Januari, si Machi ukishasikia ngurumo. Nenda sokoni kunakoshushwa mizigo ya Unguja na Pemba, sema unataka cha kupanda, si cha kula. Shika kiazi mkononi: kiwe kizito, ganda halibonyei, hakina shimo la mdudu wala sehemu nyeusi laini. Kiweke ndani penye ubaridi, juu ya mchanga mkavu, usikifunge kwenye mfuko wa nailoni. Kitalala, kiache kilale.

Kikionyesha jicho ndipo ukate. Kipande kiwe cha kujaa kiganja, kiwe na ganda. Cha kichwani, pale ilipokuwa kamba, ndicho kinachoota mapema kuliko vyote, hicho weka kwenye shimo zuri. Paka majivu pale ulipokata, anika kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke, halafu zika ganda likiangalia juu.

Majani yakianza kupata madoa meusi mvua zikizidi, ule ugonjwa unasambaa kwa matone. Usiingie humo asubuhi na umande, na msimu ujao usichukue mbegu kwenye shina lile.

Kuku watafukua, tena siku ile ile, udongo uliolimwa ndio wanaoutaka. Laza makuti juu ya tuta na juu yake matawi ya mlimau yenye miiba, mpaka kamba ipite urefu wa goti. Baada ya hapo waache, watakulia wadudu.